Kikao cha Baba Kuhusu Kufa

Redio ndiyo iliyoileta hoja nyumbani kwetu Kamachumu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mimi na shangazi tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, na baba alikuwa amejilaza kwenye kochi la sebuleni, redio yake ndogo juu ya kifua. Mtangazaji akasema kwamba katika nchi moja ya Ulaya wabunge wanabishana juu ya muswada wa kuwaruhusu wagonjwa walio mwishoni, wale ambao hawana tena dawa ya kuwaponya, wasaidiwe na daktari kufa kama wameomba wenyewe. Nikasikia sauti ya redio ikipanda.

"Mmeisikia hiyo?" baba akaita.

"Tumeisikia," shangazi akajibu. "Zima."

Hakuzima. Alisikiliza mpaka habari za michezo. Nilipompelekea uji alikuwa anatazama dari kwa uso niliokuwa naufahamu tangu utotoni, uso wa mtu anayepanga ajenda.

"Kesho baada ya misa," akasema, "mwambie mumeo asiende popote, na mdogo wako aje. Tutakaa."

Baba yangu alikuwa mwenyekiti. Sikumbuki kipindi ambacho hakuwa mwenyekiti wa kitu. Aliongoza kitongoji, akaongoza kamati ya shule, akaongoza wakulima wa kahawa, akaongoza ujenzi wa nyumba ya padre, na wakati mmoja aliongoza kamati iliyoundwa kusuluhisha ugomvi wa kamati nyingine mbili ambazo zote alikuwa amewahi kuziongoza. Nyumbani tulikuwa tunanyoosha mkono kabla ya kuomba mboga zaidi. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba hata siku alipomposa, baba alifungua mazungumzo kwa kuwashukuru waliohudhuria, na waliohudhuria walikuwa wao wawili tu.

Ugonjwa wake, saratani, ulianzia kwenye tezi dume, na ulipogunduliwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Daktari wa mjini Bukoba alitueleza wazi, mimi na baba tumekaa mbele yake: hakuna matibabu ya kuuondoa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu na kumtunza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, akamshukuru kwa taarifa nzuri, halafu akauliza kama kuna mengineyo. Daktari akanitazama mimi. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikuweza kumsaidia.

Tangu siku hiyo maisha yangu yaligawanyika. Katikati ya wiki nilikuwa Kitendaguro, kwangu, na asubuhi nikishuka kwenda kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari Kahororo. Ikifika Ijumaa jioni, mimi na mume wangu tunapanda gari letu, ambalo ni gari kwa maana ya kwamba lina magurudumu, na kuuomba mlima wa Muhutwe utupitishe mpaka Kamachumu. Katikati ya wiki baba alibaki na shangazi, dada yake mkubwa, mjane aliyehamia pale baada ya mama kufariki. Shangazi alikuwa Mkatoliki wa aina ambayo hata mapadre humwogopa kidogo. Alikuwa anajua sikukuu za watakatifu ambao Kanisa lenyewe, nadhani, limeshawasahau.

Jumapili tukakaa. Baba alivaa koti lake la vikao juu ya pajama, akakataa kulala, akaegemezwa kwa mito kwenye kochi. Shangazi alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyofanya mgeni wa heshima akija. Mume wangu alipewa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mdogo wangu, ambaye alisoma sheria na ambaye wenzake humwita nshomile, yaani "nimesoma", kwa kuwa hakuna sentensi anayoimaliza bila kukukumbusha, alikuja na suti.

"Kikao kimefunguliwa," baba akasema. "Hoja ni moja. Wenzetu huko wanajadili kama mgonjwa asiyepona anaweza kusaidiwa kufa akitaka. Nataka kujua familia hii ina msimamo gani. Mjumbe wa sheria, anza."

Mdogo wangu akasimama. Akaeleza kwamba hapa kwetu jambo hilo ni kosa la jinai, kwamba atakayemsaidia mtu kujiua anakwenda jela, awe daktari, awe mtoto wake, na kwamba nchi zilizoruhusu zimeweka masharti mengi: madaktari zaidi ya mmoja, mgonjwa awe na akili timamu, aombe mwenyewe bila kushinikizwa. Akasema hofu kubwa ni wazee. Mzee akishaona amekuwa mzigo, ataomba kufa kwa ajili ya kuwaonea huruma wanawe, na sheria itasema aliomba mwenyewe.

"Hoja nzito," baba akasema. "Mimi ni mzigo?"

"Tata!" mdogo wangu akashtuka. Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, na mdogo wangu hukimbilia Kihaya akibanwa. "Sijasema hivyo!"

"Nimeuliza swali la nyongeza tu. Kaa. Dada, una nafasi."

Shangazi hakusimama. Alisema neno lake akiwa anapanga upya zile kahawa kwenye kikapu, moja moja. Mungu alimleta mtu, Mungu atamchukua. Hakuna aliyeomba kuzaliwa, basi hakuna wa kuomba kufa. Wale wabunge wa Ulaya hawana kazi ya kufanya kwa sababu hawalimi. Mtu anayeamka na jembe hana muda wa kukaa akaandika sheria ya kufa.

"Mwongozo, Mwenyekiti," mdogo wangu akanyoosha mkono. "Suala la kulima halihusiani."

"Linahusiana," shangazi akasema. "Wewe mwenyewe ulilima lini?"

Baba akagonga meza kwa kijiko. Nilimwona akitabasamu upande mmoja wa mdomo, na ule upande mwingine ulikuwa umekazwa, kwa sababu kugonga meza kulikuwa kumemuuma nyonga. Alikuwa anaumwa muda wote wa kikao. Tulikuwa tunajua, na yeye alikuwa anajua kwamba tunajua, na hakuna aliyeliweka kwenye ajenda.

Zamu ya mume wangu ikafika. Mume wangu ni fundi wa mafriji, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Kwa wakwe huwa anaongea machache zaidi. Alianza kwa kusema kwamba kwa upande mmoja anamwelewa shangazi, na kwa upande mwingine...

"Mkwe," baba akamkatisha kwa upole, "hapa hatuhesabu pande za mtu mmoja. Chagua ya kwako."

Mume wangu akaweka chini kikombe cha rubisi. Akasema mama yake alikufa kwa saratani ya matiti, yeye akiwa ndiyo kwanza amemaliza kujifunza ufundi. Hakukuwa na dawa ya maumivu nyumbani zaidi ya vidonge vya kichwa. Kila asubuhi mama yake alimwita kwa jina na kumwomba amsaidie aondoke, na kila asubuhi alimjibu kwamba haiwezekani, mama, na akatoka nje kwenda kusimama kwenye migomba mpaka sauti ipungue. "Sijui sheria," akasema, "na Biblia naisoma. Lakini kama kungekuwa na mlango wa halali, ningempitisha. Mimi naunga mkono hoja."

Nilikuwa nimeolewa naye miaka mingi na sikuwahi kuisikia habari ya migomba. Nilimtazama kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Shangazi naye alimtazama, lakini macho yake hayakuwa ya kugundua chumba. Yalikuwa ya kufunga mlango.

"Wawili wanapinga, mmoja anaunga mkono," baba akasema. "Kwa utaratibu, mwenyekiti hapigi kura, ila kura zikilingana." Kisha akanigeukia. "Mwanangu?"

Hapo ndipo nilipouona mtego. Nikipinga, hoja imekufa na baba hatasema lolote. Nikiunga mkono, kura zinalingana, na yeye mwenyewe, mbele yetu sote, atalazimika kusema kama anataka kufa. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, bila kunisaidia hata kidogo. Nilifundishwa siasa na mtu huyu. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja kwamba kikao kiahirishwe, chakula kinapoa."

"Naafiki!" mume wangu akasema haraka.

Baba akacheka mpaka akashika ubavu. "Mmenishinda kwa kanuni," akasema, na tukala.

Wiki zilizofuata maumivu yalipanda. Vidonge alivyokuwa anapewa havikutosha tena. Baba hakulalamika, lakini aliacha kusikiliza redio, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sawa na kupiga kelele. Tulimrudisha hospitalini Bukoba. Wakampa morfini ya maji, kwenye chupa, pamoja na kikombe kidogo cha kupimia, na muuguzi wa wagonjwa wa aina yake akatuelekeza: anywe kwa saa, asisubiri mpaka maumivu yaje, siku za mwanzo anaweza kusinzia sana, msiogope, na choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo kuna na dawa ya choo. Alisema angekuja nyumbani baadaye wiki hiyo kumwona.

Nikampa shangazi maelekezo yote tulipofika Kamachumu. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Aliuliza swali moja tu.

"Umesema atasinzia?"

"Ndiyo, shangazi, mwanzoni."

"Sawa," akasema.

Ilipaswa ile "sawa" inishtue. Nilikuwa nimechoka, na kesho yake nilikuwa na vipindi vya asubuhi. Tukarudi Kitendaguro.

Jumatano mchana, niko kwenye ofisi ya walimu nasahihisha insha, simu ikaita. Alikuwa baba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, anavuta pumzi kati ya maneno.

"Mwanangu," akasema, "hospitali yenu hiyo ina shamba?"

"Shamba gani, Tata?"

"Dawa yao imeanza kuwa na mbegu."

Sikuelewa. Akaeleza, polepole. Dawa ya kwanza aliyokunywa nilipokuwepo ilikuwa chungu. Ile aliyopewa na shangazi tangu nilipoondoka ilikuwa tamu, ya njano, na leo asubuhi ametafuna mbegu. "Nimekula pasheni maisha yangu yote," akasema. "Naijua nikikutana nayo."

"Tata! Kwa nini hukusema mapema?"

"Nilitaka kuwa na ushahidi kwanza. Mbegu nimeitunza kwenye sahani."

Nilicheka, halafu nikasikia jinsi alivyokuwa anapumua, nikaacha. Niliomba ruhusa. Mume wangu aliacha friji ya watu imefunguliwa matumbo, tukapanda Muhutwe kwa mwendo ambao gari lile halijawahi kuuona wala halitauona tena.

Shangazi alikuwa nje anaanika maharage. Alituona tunashuka, akaendelea kuanika.

"Shangazi, shikamoo. Dawa iko wapi?"

"Marahaba. Dawa gani?"

"Ya Tata. Ya chupa."

Akasimama wima. Shangazi ni mfupi, lakini akisimama wima mtu hujikuta anarudi nyuma. "Mnadhani mimi ni mjinga," akasema. "Nilikaa pale kwenye kikao. Nilisikia kwa masikio yangu mawili. Huyu," akamwonyesha mume wangu kwa kidevu, "alisema angepitisha mtu mlangoni. Wiki chache baadaye mnaniletea chupa ya dawa kali, inalaza mtu, ananyweshwa na mimi! Kwa mkono wangu mimi! Mzungu apitishe sheria yake huko kwao, na ninyi mnaniletea hapa Kamachumu kwenye kikombe!"

Nikamtazama mume wangu. Sijawahi kumwona mtu akihuzunika namna ile na bado akitaka kucheka.

"Shangazi," nikasema, "ile si dawa ya kumuua. Ni ya maumivu."

"Ndivyo ambavyo mngesema hata kama ingekuwa ya kumuua."

Na kwa hilo alikuwa na haki. Kutoka ndani tukasikia sauti ya baba: "Utaratibu, jamani! Mnaongelea nje, mwenyekiti yuko ndani!"

Tukaingia. Alikuwa amejikunja kwenye kitanda, uso umelowa jasho, na kweli, kwenye sahani ya chai pembeni yake ilikuwepo mbegu moja nyeusi. Shangazi aliiona. Nilimwona akiitazama ile mbegu, kisha akimtazama kaka yake, na mabega yake yakashuka kidogo. Lakini chupa hakuitoa.

Kwa bahati muuguzi alikuwa njiani. Alifika mchana uleule kwa pikipiki, mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua na begi mgongoni. Tulimweleza. Hakushangaa. Alisema nyumba nyingi anazokwenda amekuta chupa zimefichwa, nyingine zimezikwa. Akakaa kwenye kiti karibu na shangazi, si na mimi, akaongea naye kwa Kihaya, taratibu. Alimwambia kwamba ugonjwa ndio unaokwenda na mzee, dawa haimharakishi ikitolewa kwa kipimo. Kwamba mtu asiyeumwa hula, huongea, husali. Kwamba ile ya kwenye redio huombwa na mgonjwa ili afe, na hii huombwa ili alale na kuamka.

Shangazi alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Wewe unasali wapi?"

"Mimi ni Mlutheri, mama."

"Aa," shangazi akasema, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Kama mkwe."

Muuguzi akaangua kicheko. "Basi tumpigie padre wako," akasema.

Na tukampigia. Shangazi alishika simu yangu mbele ya mdomo kama anaibusu, sauti imewekwa kubwa ili sote tusikie. Akamweleza padre shauri zima tangu bunge la Ulaya, hakuacha kitu, hata suti ya mdogo wangu aliitaja. Padre alivumilia. Mwishowe akasema, "Mama, Kanisa halikubali mtu auawe, hata kwa huruma. Lakini kumwondolea mgonjwa maumivu ni jambo jema, hata kama dawa itamfanya asinzie. Unachokusudia ni nini? Kumuua?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi mpe dawa. Mpe sasa hivi, mama, halafu ndiyo unipigie tena tuongee vizuri."

Shangazi akatoka, akaingia chumbani kwake, akarudi na chupa. Alikuwa ameificha nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, kwenye kona yake ya sala. Aliona hapo hata mimi nisingethubutu kupekua, na hakukosea. Akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga yake. Muuguzi akampimia, na shangazi mwenyewe ndiye aliyemnywesha kaka yake.

Baba alikunja uso. "Chungu," akasema. "Asante, dada."

Alilala jioni yote. Shangazi alikaa naye, kiganja chake juu ya kifua cha baba kuhakikisha kinapanda na kushuka. Aliniambia nisiwashe taa bado. Nadhani hakutaka nimwone uso.

Kuanzia hapo tulipata balaa jipya: shangazi alikuwa ameongoka, kama ingewezekana mtu kuongokea morfini. Saa ya dawa ikikaribia, mtu yeyote aliyekuwa anaongea alinyamazishwa. Aliweka kengele kwenye simu yake, wimbo wa kwaya wenye ngoma nyingi, na majirani wakajua saa za dawa ya baba kuliko saa za misa. Mdogo wangu alipokuja na kuuliza kwa sauti ya kisomi kama kuna hatari ya mgonjwa kuizoea dawa, shangazi alimwuliza kama yeye, anayekunywa kahawa kila asubuhi, ameshapelekwa kwenye nyumba ya waraibu.

Na baba akarudi. Si kwamba alipona. Alikonda kila wiki. Lakini alirudi kwenye redio, akarudi kugombana na watangazaji, akaanza tena kula nusu ya ndizi na maharage. Ilikuwa ni siku hizo, nimekaa naye mchana nachambua mchele, aliponiuliza kwa ghafla.

"Ile siku ungepiga kura gani?"

"Sijui, Tata. Kweli sijui."

"Mimi najua yangu," akasema. "Jumatano ile ya pasheni ningepiga ya ndiyo, kwa mikono miwili na miguu. Leo nataka kusikia mechi ya jioni."

"Kwa hiyo unapinga?"

"Ndivyo unavyowafundisha wanafunzi wako, kuparamia hitimisho?" Akajiweka sawa kwenye mto, kisha akaendelea. "Sipingi. Usije ukawaambia watu kwamba baba alipinga. Mimi nina dawa, nina dada, nina mtoto mwenye gari bovu. Yuko mtu huko kwenye vijiji vya ziwani hana hata kimoja. Wako pia ambao dawa wanayo na bado haiwatoshi. Mtu huyo akisema basi, mimi sitasimama mbele yake na kumsomea kanuni. Ila ningetaka kwanza aulizwe kama amepata dawa. Waanzie hapo, wale wabunge. Na wetu pia."

"Na kama ingefika mahali isikutoshe wewe?"

"Ningekuomba," akasema, "na wewe ungekataa, na ungekuwa sawa kukataa, na mimi ningekuwa sawa kuomba." Halafu akaniambia mchele una mawe mengi upande ule na mimi nimezubaa.

Alifariki msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipoanza, mchana, mvua imeacha kunyesha muda si mrefu. Siku za mwisho alikuwa analala zaidi kuliko kuamka, na dawa ilitolewa kwa matone chini ya ulimi. Mimi nilikuwepo, mume wangu alikuwepo. Shangazi alikuwa anamsimulia bei ya senene sokoni, jinsi watu walivyokosa aibu mwaka huu, na baba akasema "endelea" bila kufumbua macho. Shangazi akaendelea. Alikuwa bado anaendelea nilipomshika bega.

Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, karibu na mama. Padre alihubiri kwa kifupi. Kila kamati aliyowahi kuiongoza ilituma mwakilishi, na kila mwakilishi alitaka kusema maneno machache, na hakukuwa na mtu wa kuwagongea meza.

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nyuma ya nyumba nikasikia wanawake wawili wakiongea kwenye masufuria. Mmoja alikuwa anasema kwa sauti ya chini kwamba mzee alikuwa ananyweshwa dawa ya kulazia, ile ya Ulaya, na kwamba mkwe ndiye aliyeileta. Kabla sijajua la kufanya, shangazi alishatokea mlangoni akiwa na beseni la ndizi kiunoni.

"Si mkwe," akasema. "Mkwe mmwache. Nilimnywesha mimi, kwa mkono wangu huu, kila saa yake. Alikula, aliongea, alisikiliza redio yake mpaka nikachoka nayo. Amekufa kwa ugonjwa wake." Akatua beseni. "Na mama yako anaumwa mguu ule tangu Pasaka, analia mpaka huku tunamsikia. Keshokutwa nakuja kwenu kumwona, umwandae."

Yule mwanamke akasema sawa, mama, na akaanza kuosha sufuria lililokuwa limeshaoshwa.

Jioni matanga yalipotawanyika, mume wangu na mdogo wangu walibaki kukusanya viti vya kukodi. Mdogo wangu alikuwa amevua koti la suti kwa mara ya kwanza wiki nzima. Niliwasikia wakibishana, mmoja kwenye kila upande wa rundo la viti: huyu anasema sheria ikiruhusu wazee wataogopa kuugua, na huyu anasema wazee tayari wanaogopa, tena kuliko unavyodhani, na mdogo wangu akisema lakini shemeji, nisikilize, na mume wangu akisema nakusikiliza, shika hapo, inua. Walipanga viti vyote bila kukubaliana. Kisha shangazi akawaita waje wale, na wakaingia ndani wakiendelea.